Matibabu ya Joto ya Aloi za Titani: Mwongozo Kamili wa Kupata Nguvu, Uvutikaji na Ushupavu Unaotakiwa

Titani haifuati kanuni za feleji, na makosa mengi ya tanuri hutokana na kudhani kwamba inazifuata. Feleji yenye kaboni ya kutosha, ikipashwa hadi iwe nyekundu kisha ikazamishwa majini, huwa ngumu papo hapo kwa sababu kaboni imenaswa ndani ya fuwele zake. Aloi ya titani ikifanyiwa hivyo hupata ugumu usiozidi sana ule wa mwanzo, na nguvu yake huja baadaye, polepole, inapokomazwa kwa saa kadhaa katika joto la chini zaidi. Feleji iliyokuza chembe inaweza kurudishiwa chembe ndogo kwa kupashwa upya tu, lakini titani iliyokuza chembe hairudi hivyo mpaka ifuliwe tena ikiwa ya moto. Hata naitrojeni, ambayo mafundi wa feleji huitumia kama gesi ya kulinda, kwa titani ni adui.

Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya wazo moja: kila joto lipangwe kwa kuhesabu kutoka kwenye kivuko cha beta, yaani joto ambalo fuwele zote za aloi huwa zimebadili umbo, cha mkupuo (metali iliyoyeyushwa kwa pamoja) ulio mkononi, wala si kutoka kwenye tarakimu ya jumla iliyoandikwa kwenye jedwali.

Kinachotokea ndani ya metali

Titani safi ina maumbo mawili ya fuwele. Chini ya nyuzi 882 za Selsiasi atomi zake hupangika kwa umbo la pembe sita lililosongamana, linaloitwa alfa. Juu ya hapo hujipanga kwa umbo la mchemraba wenye atomi katikati, linaloitwa beta, na hubaki hivyo mpaka metali iyeyuke kwenye 1668°C. Alumini, oksijeni, naitrojeni na kaboni huimarisha alfa na kupandisha joto la mageuzi. Vanadi, molibdeni, niobi, chuma na kromi huimarisha beta na kulishusha. Zirkoni na bati haziegemei sana upande wowote, ingawa huongeza nguvu.

Kivuko cha beta ni joto ambalo juu yake hakuna alfa iliyobaki. Katika Ti-6Al-4V, yaani titani yenye asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi, kivuko hicho huwa karibu na 995°C, lakini hupanda au kushuka kwa nyuzi kadhaa kati ya mkupuo na mkupuo, hasa kwa sababu ya oksijeni. Fundi anayepasha kwenye 975°C akidhani yuko nyuzi 20 chini ya kivuko anaweza kuwa chini yake kwa nyuzi 5 tu, na tofauti hiyo inatosha kubadilisha muundo wa kipande chote.

Hatua ya kwanza: itambue aloi na upime kivuko chake

Anza na cheti cha metali. Soma kiasi cha alumini, oksijeni, chuma na haidrojeni, kisha utazame kama mtengenezaji ameandika kivuko cha beta cha mkupuo huo. Daraja la 5 la Ti-6Al-4V huruhusiwa oksijeni hadi asilimia 0.20, ilhali Daraja la 23, linalopendwa kwa vipandikizi vya mwilini na kwa mitambo ya baridi kali, huishia asilimia 0.13. Oksijeni ikipungua, nguvu hushuka kidogo na ushupavu, yaani uwezo wa kuzuia ufa usienee, hupanda, na hakuna tanuri litakalofuta tofauti hiyo.

Ikiwa cheti hakitaji kivuko, kipime. Kata vipande vidogo kadhaa kutoka kwenye fimbo ile ile, vipashe kimoja kimoja kwa ngazi za nyuzi 10, tuseme kuanzia 970°C hadi 1020°C, vishikilie kila kimoja kwa nusu saa na uvitupe majini mara moja. Visage, ving'arishe mpaka viwe kama kioo, kisha uvichovye katika kimiminika cha Kroll, ambacho huchanganywa kwa mililita 92 za maji, 6 za asidi ya nitriki na 2 za asidi ya hidrofloriki. Chini ya hadubini utaona visiwa vyeupe vya alfa ya awali vikielea katika uwanja mweusi zaidi wenye sindano nyembamba. Visiwa hupungua kadiri joto linavyopanda, na ngazi ya kwanza ambayo havionekani kabisa ndiyo iliyovuka. Kivuko kiko kati yake na ile iliyotangulia. Asidi ya hidrofloriki hupenya ngozi na kushambulia kalisi ya mwili, hivyo kazi hii haifanywi pasipo glavu zinazofaa, ngao ya uso na jeli ya kalisi glukoneti iliyowekwa karibu.

Kuna aloi ambazo hazina haja ya taabu hiyo. Titani isiyochanganywa, Daraja la 1 hadi la 4, haiongezewi nguvu kwa tanuri. Nguvu yake hutegemea oksijeni na kazi ya baridi, na ndiyo maana kiwango cha chini cha nguvu ya mvutano hupanda kutoka megapaskali 240 katika Daraja la 1 hadi 550 katika Daraja la 4. Joto huitumikia kwa kuilainisha, karibu na 700°C, na kuiondolea mikazo (nguvu zilizonaswa ndani ya metali), basi.

Hatua ya pili: amua ni sifa ipi unayoihitaji zaidi

Hapa ndipo kazi inapofanikiwa au kuharibika, kabla tanuri halijawashwa. Hakuna tiba moja inayozidisha sifa zote kwa pamoja, na mchoro unaodai nguvu ya juu kabisa pamoja na ushupavu wa juu kabisa kutoka katika kipande kile kile unapaswa kurudishwa kwa mhandisi aliyeuchora.

Katika aloi za alfa na beta kuna miundo mitatu ya kuchagua. Muundo wa chembe za mviringo hupatikana metali ikifuliwa na kulainishwa chini ya kivuko. Huvutika vizuri kabla ya kukatika na huchelewesha kuzaliwa kwa ufa wa uchovu (ule unaoletwa na mzigo unaorudiwarudiwa), kwa kuwa chembe ndogo hazitoi nafasi ndefu ya tabaka za atomi kuteleza. Muundo wa vibamba hupatikana metali ikipashwa juu ya kivuko kisha ikapozwa taratibu kiasi. Ufa unaopita humo hulazimika kupinda kila unapogonga kundi jipya la vibamba, kwa hiyo husafiri polepole, na pia metali hustahimili zaidi kutambaa chini ya mzigo ikiwa moto. Muundo wa tatu ni mchanganyiko wa visiwa vya alfa ya awali na vibamba vyembamba, na hupatikana kwa kupasha chini kidogo tu ya kivuko.

Tofauti si ndogo. Ti-6Al-4V yenye chembe za mviringo huwa na ushupavu dhidi ya ufa wa takriban 44 hadi 66 MPa√m, na ile ya vibamba hufika 88 hadi 110, huku kikomo cha mnyumbuko (mkazo ambao ukipitwa metali haijirudi) kikishuka kidogo tu. Gharama yake hulipwa kwenye uvutikaji na kwenye uchovu wa mizunguko mingi. Kwa maoni yangu, sehemu inayokaguliwa mara kwa mara na inayoweza kuvumilia ufa mdogo inafaidika zaidi na vibamba, na sehemu ndogo inayozunguka kwa kasi, ambayo ufa ukishazaliwa haina muda mrefu wa kuishi, inafaa kubaki na chembe za mviringo au muundo mchanganyiko.

Jambo moja lisitarajiwe: ukakamavu. Moduli ya mnyumbuko ya Ti-6Al-4V ni karibu gigapaskali 114, na matibabu ya joto huigusa kidogo sana. Anayetaka kipande kisichopinda abadilishe unene wake.

Hatua ya tatu: safisha kana kwamba alama ya kidole ni kasoro

Mafuta, jasho na chumvi hubeba klorini, na klorini juu ya titani yenye mikazo ikipashwa moto huweza kuzalisha nyufa. Katika miaka ya 1960, wajenzi wa ndege za upelelezi za familia ya SR-71 katika kampuni ya Lockheed, Marekani, waligundua kwamba paneli zilizochomelewa kwa nukta wakati wa kiangazi ziliharibika mapema kuliko zile za majira ya baridi. Chanzo kilikuwa maji ya mji wa Burbank, yaliyoongezwa klorini msimu wa joto ili kuzuia mwani, na ambayo yalitumika kuoshea paneli. Funzo la kazi ni wazi: vimumunyisho vyenye klorini visitumike, suuza la mwisho liwe la maji yaliyoondolewa madini, na baada ya hapo kipande kishikwe kwa glavu safi za pamba.

Hatua ya nne: andaa tanuri, hewa yake na vikapu vyake

Titani ya moto hunyonya oksijeni, naitrojeni na haidrojeni. Tanuri bora ni la ombwe, na baada yake ni lile lenye agoni kavu ambayo kiwango chake cha umande (joto ambalo unyevu wake huanza kuganda) ni −54°C au chini zaidi. Tanuri la hewa ya kawaida linakubalika kwa kipande ambacho uso wake utachongwa baadaye. Tanuri la gesi liendeshwe kwa moto wenye hewa ya ziada kidogo, kwa sababu moto uliokosa hewa huzalisha haidrojeni. Gesi za kulinda feleji, pamoja na amonia iliyovunjwa, zisikaribie kabisa, na katika tanuri la ombwe gesi ya kupozea iwe agoni au heli.

Vikapu husahaulika. Titani na nikeli zikigusana huyeyuka kwa pamoja kwenye 942°C, ingawa kila moja peke yake huyeyuka kwa joto la juu zaidi. Kwenye 955°C, ambalo ni joto linalotumika sana kutibu Ti-6Al-4V, kipande kilicholala moja kwa moja juu ya kikapu cha aloi ya nikeli kinaweza kutoka kikiwa kimeungana nacho, na mahali pa mguso pameliwa. Weka bamba chakavu la titani au kauri inayofaa katikati. Vipande virefu vitegemezwe sehemu nyingi, maana metali hii ikiwa moto huinama kwa uzito wake wenyewe.

Thamokapo, yaani nyaya za kupimia joto, zifungwe kwenye kipande chenyewe, angalau moja katika sehemu nene kuliko zote, na muda wa kushikilia uanze kuhesabiwa pale thamokapo iliyochelewa kuliko zote inapofika. Utofauti wa joto ndani ya tanuri usizidi nyuzi 14 juu au chini ya lengo, na kadiri unavyokaribia kivuko ndivyo unavyopaswa kuubana zaidi.

Hatua ya tano: endesha tiba uliyoichagua

Kuondoa mikazo ndiyo tiba nyepesi kuliko zote. Ti-6Al-4V hupashwa kati ya 480°C na 650°C kwa saa 1 hadi 4, joto likiwa juu muda unafupishwa, na muundo haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kipande kilichokwisha kukomazwa kisipashwe juu ya joto lililokikomaza, la sivyo nguvu iliyolipiwa itapotea kimyakimya.

Kulainisha kwa kawaida hufanywa kati ya 705°C na 790°C kwa saa 1 hadi 4, kisha kipande huachwa kipoe hewani au ndani ya tanuri. Viwango vya chini vinavyodaiwa baada ya hapo ni megapaskali 895 za nguvu ya mvutano, 828 za kikomo cha mnyumbuko, na urefukaji wa asilimia 10. Sehemu nyingi za Ti-6Al-4V hutumika katika hali hii, na kwa haki. Mara nyingi mbuni anayedai zaidi hajahesabu gharama ya kupinda na kukagua inayofuata.

Tiba ya kuongeza nguvu ina sehemu mbili na inahitaji uangalifu mwingi. Kwanza kipande hupashwa kati ya 955°C na 970°C kwa takriban saa moja, ili beta iwe nyingi ilhali visiwa vya alfa vinabaki vya kutosha kuzuia chembe za beta zisikue. Kisha huzamishwa majini. Kuanzia mlango wa tanuri unapofunguka mpaka kipande chote kiwe ndani ya maji kusipite sekunde nyingi: kwa vipande vyembamba huhesabiwa kama 7, na kwa vinene kidogo kama 10. Sababu ni kwamba beta ikipoa polepole huanza kutema alfa nene, na alfa hiyo huondoka na nafasi ya nguvu ambayo ukomazaji ungeitumia. Fanya jaribio na kipande baridi kabla ya siku ya kazi: fungua mlango, vuta kikapu, kigeuze, kizamishe, huku mtu mwingine ameshika saa. Ikiwa njia kutoka tanurini hadi kwenye tangi haiwezekani kwa muda huo, tangi lisogezwe.

Kinachotoka majini ni martensaiti ya titani (muundo wa sindano unaozaliwa beta ikipozwa ghafla) pamoja na mabaki ya alfa na beta. Martensaiti hii si ngumu kama ya feleji, kwa sababu kilichonaswa ndani yake si kaboni iliyojipenyeza kati ya atomi, bali ni vanadi iliyokalia nafasi za titani, nayo haipindi fuwele kwa kiasi kile. Sehemu ya pili ndiyo inayoleta faida: kipande hupashwa kati ya 480°C na 595°C kwa saa 4 hadi 8, na ndani ya martensaiti na beta iliyobaki huzaliwa chembe ndogo mno za alfa zinazozuia tabaka za atomi kuteleza. Nguvu ya mvutano hupanda hadi karibu megapaskali 1100. Uvutikaji na ushupavu hushuka, lakini ukilipandisha joto la ukomazaji kuelekea 595°C utarudishiwa sehemu ya ushupavu kwa kutoa sehemu ya nguvu.

Unene huweka mpaka. Titani ya aloi hii hupitisha joto kwa takriban wati 7 kwa mita kwa kila kelvini, ilhali feleji ya kaboni hufika karibu 50, kwa hiyo kiini cha kipande kinene hupoa polepole hata maji yakichemka kwenye uso wake. Zaidi ya milimita 25 hivi, Ti-6Al-4V haiitikii tiba hii ipasavyo. Mwenye kipande kinene achague aloi yenye beta nyingi. Ti-10V-2Fe-3Al, iliyotumika kwenye miguu ya kutua ya ndege ya Boeing 777, na Ti-5Al-5V-5Mo-3Cr, iliyotumika kwenye Boeing 787, huimarika kwa kina kikubwa zaidi. Aloi hizo zina hatari yake: zikikomazwa kwa joto la chini mno huzaa awamu ya omega (umbo jingine la fuwele), ambayo huzipa ugumu mkubwa na kuzifanya zivunjike kama kigae. Usishushe joto la ukomazaji chini ya lile lililowekwa kwa aloi hiyo ukitafuta nguvu ya ziada.

Upande wa alumini nako kuna mpaka. Jumlisha asilimia ya alumini, theluthi moja ya bati, sehemu moja ya sita ya zirkoni, na oksijeni mara 10. Jumla ikizidi 9, kukaa muda mrefu kati ya 500°C na 600°C huzaa Ti₃Al iliyojipanga, na metali hupoteza uvutikaji.

Tiba ya juu ya kivuko hufanywa kwa Ti-6Al-4V kwenye takriban 1035°C, kwa muda mfupi, hewa ikifuata kama kipozeo, na mara nyingi hukamilishwa na saa 2 kwenye 730°C. Muda uwe mfupi kweli, kwa sababu alfa ikishatoweka hakuna kinachozizuia chembe za beta kukua. Kasi ya kupoza ndiyo inayoamua upana wa vibamba: haraka huzaa vyembamba na nguvu, polepole huzaa vinene na ushupavu.

Vipande vilivyochapishwa kwa leza juu ya unga wa titani hutoka vikiwa martensaiti tupu, vyenye nguvu nyingi, uvutikaji mdogo na mikazo mizito. Viondolewe mikazo kabla ya kukatwa kutoka kwenye bamba lao, la sivyo hupinda mara msumeno unapopita. Kwa sehemu zitakazochoka, saa kadhaa kwenye karibu 920°C chini ya agoni yenye shinikizo la megapaskali 100 huziba vitundu na kuvunja martensaiti kwa pamoja.

Hatua ya sita: ondoa ngozi iliyoharibika

Kipande kikitoka kwenye ombwe au agoni, tazama rangi yake. Fedha ni salama, manjano hafifu huashiria uvujaji mdogo, buluu huashiria uvujaji wa kufuatiliwa, na kijivu chenye unga ni kukataliwa. Hata hivyo, rangi haisemi kina. Chini ya oksidi kuna ganda la alfa lililoshiba oksijeni, gumu na lenye kuvunjika, na nyufa za uchovu huanzia humo. Lichongwe kwa mashine au liyeyushwe katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki na hidrofloriki. Nitriki iwe mara nyingi zaidi ya hidrofloriki, kwa uwiano wa karibu 10 kwa 1, ili kupunguza haidrojeni inayoingia katika metali. Kisha kata sampuli, pima ugumu kutoka ukingoni kwenda ndani, na uendelee kuondoa uso mpaka ukingo na kiini visome sawa.

Haidrojeni ipimwe baada ya asidi, siyo kabla. Kikomo cha kawaida cha fimbo za Ti-6Al-4V ni asilimia 0.015. Iliyozidi huweza kutolewa kwa kupasha kipande katika ombwe kwenye 700°C au zaidi kidogo kwa saa kadhaa, nayo ni miongoni mwa makosa machache ya titani yanayotenguka.

Hatua ya saba: jaribu, na ujue kipi kinaokolewa

Kila mzigo wa tanuri uwe na vipande vya majaribio kutoka mkupuo ule ule na wa unene unaolingana na sehemu nene ya kazi, kwa maana fimbo nyembamba ya majaribio hupoa haraka na kusifia tiba isiyostahili sifa. Jaribio la mvutano, ugumu na picha ya hadubini vinatosha kwa kazi nyingi. Ushupavu dhidi ya ufa huongezwa pale mchoro unapoudai. Ugumu peke yake hautoshi, kwa sababu katika titani hauendi sambamba na nguvu ya mvutano kama unavyofanya katika feleji.

Nguvu ikiwa chini na visiwa vya alfa vikionekana vya kawaida, mara nyingi kosa ni kuchelewa kufika majini, na kipande kinaweza kurudiwa tiba nzima tangu mwanzo, ilimradi unene wake unaruhusu ganda jingine kuondolewa. Nguvu ikiwa juu na urefukaji mdogo, komaza tena kwa joto la juu zaidi. Kasoro za kuyeyushia metali hazitibiki: tarehe 19 Julai 1989 huko Sioux City, Marekani, ndege ya DC-10 ilianguka na kuua watu 112 baada ya diski ya feni ya Ti-6Al-4V kupasuka kutokana na punje ya alfa ngumu yenye naitrojeni, iliyokuwamo tangu metali ilipoyeyushwa. Hiyo hutafutwa kwa mawimbi ya sauti na kwa njia bora za kuyeyushia. Na kipande kilichopaswa kubaki chini ya kivuko, kikionekana kwenye hadubini hakina kisiwa hata kimoja cha alfa na kina mipaka mikubwa ya chembe za beta za zamani, hakirudishwi tanurini. Kama bado ni ghafi, hurudi kwenye nyundo kufuliwa upya chini ya kivuko; kama kimeshachongwa, huandikiwa kukataliwa pamoja na namba ya mkupuo wake na chati ya thamokapo ya siku hiyo.